Soketi ya Uani kwa Twila Stutzman

Verlin alipoingia na nyumba yake ya magurudumu uani, dada yake alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha kahawa iliyokwisha poa, na wazo la kwanza lililomjia halikuwa la furaha wala la hasira. Alijisemea tu: na huyu naye.

Twila Stutzman hakuwa mtu wa roho mbaya. Ungeuliza barabara nzima ile, toka kwenye maghala ya mahindi hadi kanisani, wangekwambia ni mtu wa watu. Ila alikuwa amechoka, na uchovu wake ulikuwa wa aina ambayo usingizi hauuondoi. Sehemu kubwa ya maisha yake aliimalizia kiwandani, akisuka nyaya za ndani za nyumba za magurudumu, maana kaskazini mwa jimbo la Indiana hiyo ndiyo kazi iliyolea karibu kila familia. Akitoka kiwandani, anakuja kumuuguza mama. Mama yao, Fern, alianza kusahau majina, akasahau njia ya kwenda bafuni, mwishowe akasahau hata kumeza. Twila ndiye aliyemlisha, aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani asipate vidonda, hadi siku alipomfumba macho, theluji ya mwaka uliopita ikiyeyuka. Tangu hapo aliacha kazi, akabaki peke yake katika nyumba ile nyeupe ya mbao, akijifunza upya kula chakula kikiwa bado cha moto.

Verlin, kaka yake mkubwa, miaka yote hiyo hakuwepo. Mkewe June alipofariki kwa saratani aliuza kila kitu, akanunua nyumba ya magurudumu na pikapu ya kuivuta, akawa mtu wa njiani: baridi ikija yuko Arizona, joto likija yuko Montana. Alipiga simu kila Jumapili, hilo hatumnyimi. Lakini simu haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Sasa alikuwa anashuka kwenye pikapu polepole, akishikilia mlango, amekonda, na mirija miwili myembamba imemwingia puani.

"Nimepita tu kukusalimu," alisema. "Nakaa kidogo, halafu nashuka kusini kabla ya theluji."

"Na hiyo mirija?"

"Hii? Urembo wa wazee."

"Verlin."

"Mapafu, Twila. Yamechakaa kidogo. Kuna mashine humo ndani inanitengenezea hewa, inataka umeme tu. Una ekstensheni?"

Twila alikuwa nayo. Akaitoa garaji, akaichomeka jikoni, akaipitisha dirishani juu ya sinki na kuiburuta kwenye nyasi hadi kwenye ile nyumba. Dirisha likawa halifungiki, na upepo wa Oktoba ukawa unaingia kama mwenye nyumba.

"Si ulale ndani?" alimwambia. "Chumba cha mama kipo wazi, na kiko huku huku chini."

"Nina nyumba yangu," Verlin akajibu, na hakukitazama hata kidogo kile kidirisha cha chumba cha mama.

Basi yakaanza maisha ya waya mmoja. Twila akiwasha birika huku mkate uko kwenye mashine ya kuuchoma, pap! breka ya jikoni, ile swichi ya usalama, inakata umeme, na uani ile mashine ya oksijeni inaanza kulia kama kifaranga kilichopotezwa na mama yake. Twila anaacha kila kitu, anashuka ngazi za chini ya nyumba kwenye boksi la umeme, anarudisha breka, anapanda, anachungulia dirishani. Verlin anampungia mkono: niko hai. Ikawa kabla ya kuchemsha hata yai anafikiri kwanza kama mhasibu. Hata usingizini sikio moja lilikuwa kwenye ile mashine. Uchovu aliodhani ameuzika pamoja na mama ulikuwa umerudi, umevaa kofia ya kaka.

Siku moja alipokuwa anamenya viazi alisikia harufu ya mpira unaoungua. Akageuka. Kichwa cha ekstensheni kilikuwa kimekuwa cha kahawia, kimelainika kama jibini kwenye kikaango, na ncha ya pazia ilikuwa imekigusa. Alikichomoa kwa kitambaa cha mezani, akatoka nje mbio kumwekea Verlin mtungi wa akiba wa oksijeni, kisha akarudi, akapitisha ekstensheni nyingine ya muda, akaketi kwenye ngazi za jikoni.

Tiba yake aliijua. Nyumba ile ya magurudumu ilitaka soketi yake yenyewe: waya mnene kutoka boksi kuu, mtaro uani, nguzo, soketi juu yake. Hakuna mtu wa kiwanda asiyejua hilo. Kilichomkwaza hakikuwa ufundi. Waya wa dirishani ni wa mgeni. Ukitaka aondoke unaukunja tu. Lakini ukimchimbia mtu mtaro na kumsimikia nguzo, umemwambia kaa. Na Twila, Mungu amsamehe, hakuwa na uhakika kama analo neno hilo kifuani.

Jioni ile, wakila tambi za kuku juu ya viazi vya kuponda kwenye meza ndogo ya Verlin, alimwambia, "Nitakuwekea soketi yako hapa uani."

"Ya nini? Mimi naondoka."

"Unaondoka lini?"

Verlin akazungusha uma kwenye sahani.

"Daktari amesemaje, Verlin? Sitaki urembo wa wazee. Amesemaje?"

"Amesema nisiendeshe tena," alijibu taratibu. "Amesema nitafute mahali penye mtu."

Twila aliendelea kutafuna. Baadaye akasema, "Basi soketi," akakusanya sahani.

Mafundi wenye leseni aliowapigia simu wote walikuwa na kazi hadi baada ya Krismasi. Ndipo Delmar Kauffman, jirani wa upande wa pili wa barabara, mkulima wa soya mwenye mikono kama makoleo, aliposikia. Delmar alikuwa na trekta dogo lenye meno ya kuchimbia, na nusu ya waumini wa kanisani walikuwa na kikausha nguo cha umeme kilichofungwa naye.

"Jirani, hiyo ni kazi ya asubuhi moja," alisema. "Unalipa mafundi wa nini na mimi nipo?"

"Inatakiwa kibali, Delmar. Na mkaguzi aje aione."

"Atakuja. Kwani mtaro utakimbia? Kwanza mgonjwa apate hewa, mkaguzi tutamwita baadaye."

Twila alijua kwamba haiendi hivyo. Lakini kulikuwa na mtu wa kumwambia nitakufanyia, na maneno hayo alikuwa hajayasikia kwa muda mrefu mno. Akakubali.

Siku ya kazi kulikuwa na jua jembamba, na mashine za kuvuna zilinguruma mashambani pande zote. Delmar alichimba kuanzia ukutani hadi mwisho wa nyasi, kina cha goti na zaidi. Pale penye maua ya mama trekta halikupita, ikabidi Twila ashuke na koleo. Verlin alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, mtungi mdogo miguuni, akitoa amri kama jenerali.

"Delmar! Huo mtaro umepinda. Ulikuwa unafuata nyoka?"

"Umepinda kwa sababu umekaa mbele yangu, mzee. Nakukwepa."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; na Verlin naye alilitaka jembe lake. Twila alipoinuka kupumzisha kiuno alimkuta kaka yake amechukua koleo na anachota udongo. Mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu midomo yake ikageuka rangi ya majivu.

"Kaa chini!" Twila akapiga kelele. "Kama unataka kufa, usife kwenye mtaro wangu. Sina nguvu za kuchimba mwingine!"

Verlin akaanguka kitini akicheka, akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi Delmar akazima trekta na kuvua kofia. Kisha pumzi ikarudi. "Huyu ndiye dada yangu," alimwambia Delmar huku akifuta machozi. "Unaona ninavyopendwa?"

Waya ukalazwa ndani ya bomba la plastiki, udongo ukarudishwa, nguzo ikasimama. Delmar akafunga soketi yenye matundu matatu, akashuka kwenye boksi kuu, akaweka breka mpya, akapanda akijipangusa mikono.

"Tayari. Chomekeni."

"Umeipima?" Verlin akauliza.

"Nimefunga vikausha nguo kanisa zima. Umesikia mtu analalamika?"

Verlin akamtazama dada yake. Twila alikuwa na mita ya kupimia umeme, ya tangu enzi za kiwanda, kwenye droo ya garaji. Aliikumbuka. Aliiona kabisa akilini, rangi yake ya njano, na waya wake mwekundu uliokunjwa. Lakini garaji ilikuwa kule ng'ambo ya uani, mgongo ulikuwa unawaka moto, na mtu mzima alikuwa ameshasema tayari.

"Tuchomeke tu," alisema, akachomeka mwenyewe.

Kwanza hakikutokea kitu. Halafu ndani ya nyumba ikasikika tas, kama chupa ndogo inayopasuka, na nyingine, na nyingine. Kiyoyozi cha juu ya paa kikatoa mvumo mkali ambao Twila hakuwahi kuusikia, kikanyamaza, na moshi wa kijivu ukachungulia pembeni mwake. Ile mashine ya oksijeni haikulia hata kama kifaranga. Ilikufa kimya.

Twila aliichomoa plagi kwa nguvu hadi akaanguka kinyumenyume. Alipoinuka alimwona Verlin, ambaye mtungi wake mdogo ulikuwa umekwisha, ameshika ule mrija mbele ya midomo, kama mtu anayesikiliza simu iliyokatika.

"Mtungi," Twila akasema. "Delmar, mtungi mwingine uko ndani ya pikapu. Kimbia!"

Delmar alikimbia, na uzito wake wote. Wakamfungia Verlin mtungi, wakamshika huku na huku, wakamwingiza ndani kwa ngazi za jikoni, na kitanda cha karibu kilikuwa kimoja tu. Wakamlaza kwenye kitanda cha mama. Twila akapiga simu kwa wenye mashine ya oksijeni, wakasema gari litatoka mjini na nyingine. Akawapigia zimamoto wa kijiji, na wale wakafika na mtungi mkubwa kabla hajamaliza kueleza. Walipoondoka Delmar alikuwa bado amesimama katikati ya jikoni na kofia kifuani, uso mweupe kama unga.

"Twila, sijui niseme nini. Nilimtakia mema."

"Najua, Delmar. Nenda nyumbani. Si kwamba nakufukuza. Sina nguvu za kukufariji, basi."

Chumba cha mama kilikuwa na karatasi ya ukutani yenye maua ya buluu na dirisha linalotazama shamba. Twila alikaa kwenye kiti kile kile alichokalia miaka ile yote, na mwili wake ukakitambua kabla yake.

Verlin alikuwa anatazama dari. "Ni hapa alipolala?"

"Hapo hapo."

"Ulimgeuzaje peke yako? Mama alikuwa na mwili."

"Shuka. Humgeuzi yeye, unavuta shuka."

"Kila siku?"

"Na kila usiku."

Mtungi ulikuwa unapumua ss, ss. Nje mashine ya Delmar ilikuwa imerudi kuvuna, kwa sababu soya haingoji aibu ya mtu.

"Ningekuja," Verlin akasema.

"Hukuja."

"Sikuja." Alivuta hewa. "Nilikuwa nimetoka kumwona June akienda, Twila. Kila nilipogeuza gari kuja huku, mikono ilikuwa inakataa. Niliogopa."

"Na mimi je? Unadhani mimi sikuogopa?"

"Nadhani uliogopa ukabaki."

Twila alitazama mikono yake iliyojaa udongo. Alitaka kusema maneno makali aliyoyapika miaka mingi, lakini alipoyatafuta akakuta yamepoa na hana hamu ya kuyapasha moto. Badala yake akasema jambo jingine kabisa.

"Mita ilikuwa garaji. Niliikumbuka, Verlin. Nikaona ni mbali."

Kaka yake akageuza kichwa juu ya mto. "Basi tumetoka sare. Wewe ulishindwa kufika garaji, mimi nilishindwa kufika Indiana."

"Hatujatoka sare hata kidogo!"

"Najua," Verlin akasema. "Nilikuwa najaribu tu."

Na Twila akacheka. Hakukusudia. Kilimtoka kicheko kikavu, cha pua, kikageuka kilio, akainamisha kichwa kwenye ukingo wa godoro la mama yake, na Verlin akamwekea mkono kichwani, mzito, usiojua kubembeleza. Hakukuwa na msamaha uliotamkwa siku ile. Mashine mpya ilipofika kabla ya giza, Twila alikuwa ameshanawa uso na kuweka tambi za jana jikoni.

Fundi mwenye leseni alipatikana siku chache baadaye, Osvaldo Treviño, mtu wa makamo kutoka mji wa jirani, ambaye aliposikia kuna mgonjwa wa oksijeni aliwaahirisha wateja wengine. Delmar naye alikuja bila kuitwa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kungoja hukumu.

Osvaldo alifungua soketi, akatazama, akapumua kwa pua.

"Hii imefungwa kama ya kikausha nguo," alisema. "Tatizo ni kwamba zinafanana, mama. Tundu tatu na tundu tatu. Lakini kikausha nguo kinataka nyaya mbili za moto, umeme mara mbili. Hii nyumba yako inataka waya mmoja wa moto tu. Yeye amekupa mbili. Ni sawa na kumnywesha mtoto dozi ya ng'ombe."

"Ni mimi huyo," Delmar akasema kutoka kwenye ndoo. "Huyo yeye ni mimi."

"Pole, mzee. Si wewe wa kwanza. Kila mwaka nazika viyoyozi viwili vitatu vya namna hii."

Mtaro ulikuwa mzuri, waya ulikuwa mzuri. Osvaldo alibadilisha breka na kufunga upya pande zote mbili. Kisha akapima. Akampa Twila mita naye apime. Twila alishika zile sindano mbili za kupimia, akasoma namba, akasoma tena, akaziondoa, akapima mara ya tatu. Hakuna aliyemharakisha. Mkaguzi wa kaunti alikuja, akachungulia, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Delmar alileta kiyoyozi kipya na hakutaka kusikia neno. Vitu vya ndani vilivyoungua Twila alivibadilisha mwenyewe, amelala chali chini ya kabati za Verlin na tochi mdomoni. Kazi ile mikono yake iliijua hata akili ikiwa imesinzia. Siku nyumba ilipowaka taa zote, ikatulia, Twila aliingia ndani kumwambia kaka yake: nyumba yako iko tayari.

Verlin alijaribu. Alifika kwenye kidato cha kwanza cha mlango wake, akashika chuma, akasimama pale, na kila mmoja wao akajua. Kidato kilikuwa kirefu kuliko pumzi.

"Kile chumba chenye maua ya buluu," alisema, "kina joto kuliko hapa, sivyo?"

"Kina joto," Twila akajibu, akamgeuza taratibu kurudi ndani.

Hivyo ndivyo Verlin Stutzman alivyohamia chumba cha mama yake, na soketi ikabaki uani na nyumba tupu. Aliishi majira yale ya baridi na ya mwaka uliofuata. Lakini kabla Verlin hajafa, Twila nusura atangulie yeye kwa uchovu. Mashine ilivuma kutwa kucha. Verlin akikohoa anaamka, asipokohoa anaamka kusikiliza kwa nini hakohoi. Alianza kusahau chumvi. Siku moja aliweka maziwa kabatini na vikombe kwenye friji, na alipovikuta alisimama akivitazama, akikumbuka Fern naye alivyoanza.

"Dada," Verlin alimwambia mchana ule, "macho yako yameingia ndani kama ya bundi. Nenda kalale kwangu."

"Kwako wapi?"

"Uani. Kuna kitanda, kuna hita, kuna umeme mzuri kuliko wa humu. Delmar anakuja kucheza karata, atanilinda. Nikikuhitaji tutapiga kengele."

"Delmar atakulinda?" Twila akasema. "Delmar?"

"Simruhusu aguse waya."

Alibisha. Alikuwa na nguo za kukunja, na dawa za saa kumi. Delmar alipofika, akapangusa theluji kwenye viatu, Verlin akamwambia mbele yake, "Jirani, mtoe huyu nje," na Delmar, aliyekuwa tayari kufanya lolote kwa ajili ya nyumba ile, akamfungulia Twila mlango na kumshikia koti.

Theluji ilikuwa inaanguka laini, bila upepo. Twila alivuka uani, akapanda, akafunga mlango nyuma yake. Hita ilikuwa inapuliza. Alikusudia kujinyoosha tu, na viatu miguuni.

Alipoamka hakujua ni saa ngapi wala ni mwaka gani. Kidirisha kilikuwa cheusi. Akajitupa nje bila koti, akakimbia kwenye theluji mbichi, akasukuma mlango wa jikoni. Verlin alikuwa amekaa mezani na mirija yake puani na karata mkononi. Delmar alikuwa kwenye sinki, anasugua sufuria. Jikoni kote kulikuwa na harufu ya kuungua.

"Kuna nini? Nini kimeungua?"

"Supu," Delmar akasema bila kugeuka. "Nitanunua sufuria nyingine."

"Mlipiga kengele? Sikusikia. Mlipiga?"

"Hatukupiga," Verlin akasema.

"Kwa nini? Na dawa za saa kumi?"

"Nimekunywa. Mikono ninayo. Ulikuwa umelala, Twila."

Alisimama katikati ya jikoni, theluji inamyeyukia kwenye nywele, mikono haijui iende wapi. Hakukuwa na mtu wa kugeuzwa, wala breka ya kurudishwa. Delmar akamvutia kiti kwa mguu. Verlin akamsogezea sahani ya mkate na mayai, ya moto, iliyopikwa vibaya, na Twila akaketi akala.